Maswali ya Wasomaji: Kwa nini watu tisa huishia kuwa na vyama viwili

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kura. Tumechagua saba. Hesabu tumeziweka wazi, ili mwenye kalamu na karatasi azirudie mwenyewe asituamini bure.

SWALI: Kamati yetu ya watu 15 ilikuwa na fedha za mradi mmoja kati ya mitatu. Kisima kilipata kura 6, barabara 5, zahanati 4. Mwenyekiti akatangaza kisima kimeshinda. Wengine wakanung'unika kwamba wengi hawakukitaka. Nani yuko sahihi? (Mjumbe wa kamati)

Kwa kura hizo peke yake haiwezekani kujua, kwa sababu kila mjumbe aliulizwa chaguo lake la kwanza tu. Waulizeni tena, safari hii kila mmoja apange miradi yote mitatu. Tuseme majibu yakawa hivi:

Wajumbe 6: kisima, zahanati, barabara.
Wajumbe 5: barabara, zahanati, kisima.
Wajumbe 4: zahanati, barabara, kisima.

Mkihesabu chaguo la kwanza tu, kisima kinaongoza kwa 6. Mkiweka duru ya pili, zahanati inatoka, wanne wake wanahamia barabara, na barabara inashinda 9 kwa 6. Mkishindanisha miradi wawili wawili, zahanati inaipiga barabara 10 kwa 5 na inakipiga kisima 9 kwa 6. Mkitoa alama 2, 1 na 0, zahanati inapata 19, barabara 14, kisima 12. Watu ni walewale na maoni ni yaleyale, ila kila mradi una njia yake ya kushinda.

Tazameni kisima kwa karibu: kinashindwa na barabara 9 kwa 6, na kinashindwa na zahanati 9 kwa 6. Mshindi wenu ndiye pekee aliyepigwa na kila mwenzake ana kwa ana. Kama mpangilio wa wajumbe wenu unafanana na huu, basi walionung'unika wana hoja. Lakini mwenyekiti naye hakuiba. Alitumia kanuni ambayo hakuna aliyeipinga kabla ya kura.

Kwa kamati ndogo tunapendelea kushindanisha wawili wawili. Miradi mitatu ina mapambano 3, minne ina 6, mitano ina 10. Kila mjumbe anaandika mpangilio wake mara moja tu, kisha katibu anahesabu. Njia ya alama ni nyepesi zaidi, ila ina tundu: mjumbe anaweza kumshusha mkiani kwa makusudi mshindani wa kweli wa chaguo lake. Jean-Charles de Borda, Mfaransa aliyeipendekeza karne ya 18, alipoelezwa tundu hilo inasemekana alijibu kwamba mfumo wake ni wa watu waaminifu. Kanuni yoyote mtakayochagua, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla kura hazijapigwa. Baada ya hapo kila mtu atakuwa anaitetea kanuni inayompa ushindi.

SWALI: Tulijaribu hiyo ya wawili wawili. A ikaipiga B, B ikaipiga C, halafu C ikaipiga A! Tumekosea kuhesabu? (Katibu)

Hamkukosea. Marquis de Condorcet alilionyesha jambo hili mwaka 1785. Watu watatu wanatosha kulizalisha: wa kwanza anapanga A, B, C, wa pili B, C, A, wa tatu C, A, B. Kila mmoja ana msimamo ulionyooka, lakini wakiwa pamoja wanazunguka kama ng'ombe wa kinu.

Hatari yake iko kwa anayepanga ajenda. Kwenye mzunguko wa namna hii, chaguo linaloingia mwisho ndilo linaloshinda. Mwenyekiti anayetaka A anasema, "Tuanze na B na C." B inashinda, kisha A inaletwa na kuipiga B, na kikao kinafungwa. Ukihisi hivyo, omba chaguo lililotolewa mwanzo lipambanishwe na mshindi. Likishinda, mmo ndani ya mzunguko, na hapo dawa si kurudia kura. Inabidi mkubaliane kanuni ya kuukata, kwa mfano kulipuuza pambano lililoamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko yote.

SWALI: Je, kuna mfumo wa kura usio na kasoro? (Mwanafunzi)

Hakuna, kukiwa na machaguo matatu au zaidi. Kenneth Arrow alithibitisha mwaka 1951 kwamba masharti machache yanayoonekana ya kawaida kabisa hayawezi kutimizwa yote kwa pamoja na mfumo wowote wa kupanga machaguo kwa upendeleo, isipokuwa umpe mtu mmoja mamlaka yote. Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite mwaka 1975 wakaongeza kwamba kila mfumo wa aina hiyo usio wa kidikteta una mahali ambapo mpiga kura hufaidika kwa kutosema ukweli wake. Machaguo yakiwa mawili tu, wingi wa kawaida hauna tatizo. Shikeni hilo la "mawili tu", maana litarudi.

SWALI: Nikimpigia mgombea nimpendaye ambaye hana nafasi, nimetupa kura? (Mpiga kura wa mara ya kwanza)

Inategemea kanuni ya kumpata mshindi. Ufaransa, mwaka 2002, wagombea urais walikuwa 16. Jacques Chirac alipata asilimia 19.9, Jean-Marie Le Pen 16.9, Lionel Jospin 16.2. Wawili wa kwanza ndio waliokwenda duru ya pili, na Jospin akabaki nje kwa pengo la asilimia 0.7. Christiane Taubira, mgombea wa mrengo wa kushoto kama Jospin, alikuwa amepata asilimia 2.3. Kwenye duru ya pili Chirac alimshinda Le Pen kwa asilimia 82. Kura za kushoto hazikuwa chache. Ziligawanyika tu.

Kenya nayo ilipitia somo hilo. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Oginga Odinga wakigawana zaidi ya 60. Mwaka 2002, Moi akiwa hagombei tena, sehemu kubwa ya upinzani ilisimama nyuma ya Kibaki na akapata kama asilimia 62. Kwa hiyo uamuzi wa maana mara nyingi hufanyika kabla ya siku ya kura, pale wenye mawazo yanayokaribiana wanapokubaliana nani asimame na nani akae. Kazi ya kwanza ya chama ni hiyo: kupunguza majina kwenye karatasi. Wagombea wanaochuana kwenye kura za maoni za chama huwa hawaliangalii hivyo, lakini mchujo ule ndio unaozuia watatu wa upande mmoja kuuana wenyewe kwa wenyewe.

SWALI: Mbunge huchaguliwa na watu wa jimbo lake. Kwa nini basi apige kura kwa amri ya mnadhimu wa chama? Vyama vikifutwa leo, si kila mmoja atafuata dhamiri yake? (Mwalimu wa hesabu)

Vifutwe asubuhi, jioni vitakuwa vimerudi, pengine kwa jina jingine. Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa hesabu, tutakujibu kwa hesabu.

Chukua baraza la watu tisa. Hoja hupita kwa kura 5. Jiulize: kura yangu huamua lini? Huamua pale tu wenzangu wanane wanapogawanyika 4 kwa 4. Tukichukulia kila mmoja wao anaweza kusema ndiyo au hapana kwa uwezekano sawa, kuna mipangilio 256 ya kura zao, na 70 kati ya hiyo ni ya 4 kwa 4. Mgawo wa 70 kwa 256 ni asilimia 27.3. Hiyo ndiyo nguvu ya kila mjumbe, na wote tisa wako sawa.

Sasa watatu wanakutana pembeni kabla ya kikao. Wanakubaliana hivi: tutapiga kura yetu wenyewe kwanza, watakachosema wawili kitamfunga wa tatu, na tukiingia ukumbini tunatoka na sauti moja. Hawana bendera, ilani wala wimbo, lakini hicho tayari ni chama.

Nguvu ya mmoja wao sasa inahesabiwa kwa hatua mbili. Ndani ya kundi, kura yake huamua pale wenzake wawili wanapotofautiana, yaani nusu ya nyakati. Ukumbini, kura tatu za kundi huamua iwapo kati ya sita waliobaki waliosema ndiyo ni 2, 3 au 4. Mipangilio hiyo ni 15 + 20 + 15, jumla 50 kati ya 64, sawa na asilimia 78.1. Zidisha kwa nusu: asilimia 39.1.

Na aliye nje? Kura yake huamua pale tu wenzake watano wa nje wanapogawanyika mmoja upande wa kundi na wanne upande wa pili. Mipangilio ya hivyo ni 5 kati ya 32, yaani asilimia 15.6.

Hakuna aliyeongezewa kura hata moja. Watatu wamepanda kutoka 27.3 hadi 39.1 kwa kukubali kwamba mara nyingine watapiga kura wasiyoipenda, na sita wameshuka hadi 15.6 bila kufanya kosa lolote. Anayemwona mbunge akifuata mnadhimu, au kiranja kama wengine wanavyomwita, hudhani amepoteza nguvu. Kwa hesabu hii ameinunua, na bei yake ni uhuru wake wa siku mbili tatu.

Wale sita nao si wajinga. Watatu kati yao wakiunda kundi lao, hesabu inabadilika: kila kundi linaamua ukumbini nusu ya nyakati, mwanachama wake ana nusu ya nusu, yaani asilimia 25. Watatu waliobaki bila kundi nao, kwa hesabu, wanaangukia asilimia 25 hiyohiyo. Linganisha na mwanzo. Wote tisa sasa wako chini ya 27.3 waliyokuwa nayo kabla ya chama chochote kuzaliwa! Kwa nini wasivunje? Kwa sababu kundi litakalovunjika peke yake, watu wake watashuka kutoka 25 hadi 15.6 na wapinzani wao watapanda hadi 39.1. Kila upande unamsubiri mwenzake atangulie, na hakuna anayetangulia. Ndiyo maana mahubiri dhidi ya vyama, hata yakiwa na ukweli, hayavimalizi.

Njia nyingine ya wale sita ni watano wao kuungana. Kila mmoja wa watano anapata asilimia 37.5, na wanne walioachwa wanapata sifuri kabisa, wakiwemo watatu wale waanzilishi. Hapo tayari mna upande wa serikali na kambi ya upinzani, na hakuna aliyesema neno "itikadi".

Ndani ya watano, watatu wanaweza kukutana kabla ya kikao cha chama. Ndani ya watatu, wawili. Hivyo wawili wanaendesha tisa. Baraza la 101 linashuka hivi: 51, 26, 14, 8, 5, 3, 2. Kila ngazi ni wingi halali wa ngazi iliyo juu yake. 

Mpango huu huharibika wapi? Huharibika pale mwanachama wa ndani anapogundua kwamba anashindwa kila mara kwenye kikao cha chama, kwa hiyo anafuata tu bila kuamua kamwe. Huyo ana sababu ya kuhama. Ndiyo maana chama huhitaji adhabu: kunyimwa tiketi, kuvuliwa uanachama, na katika baadhi ya nchi mbunge anayehama hupoteza kiti. Adhabu nayo huhitaji ushahidi, na ushahidi huhitaji kura ya wazi. Bunge likipiga kura ya siri, mnadhimu hana la kushika. Ukitaka kujua chama kinajiamini kiasi gani juu ya watu wake, angalia kinavyopigania kura iwe ya wazi au ya siri.

Kuna sababu ya pili, fupi zaidi. Kura hukopwa. Tuseme kuna makundi matatu, kila moja lina mradi unaolipa faida 5 na kuyagharimu mengine mawili 2 kila moja. Kila mradi ukiletwa peke yake unaanguka, 2 kwa 1. Yote mitatu ikipita, kila kundi linapata 5 ukitoa 4, faida 1. Lakini miradi haipigiwi kura siku moja. Leo nakuunga mkono, wangu unakuja baada ya miezi sita, na ukishapata wako una sababu gani ya kunilipa? Chama ndicho mdhamini wa deni hilo, kwa kuwa kitakuwepo kikao kijacho na kinamkumbuka asiyelipa.

Tukubali kasoro ya hesabu zetu: tumemchukulia kila mjumbe kama sarafu inayorushwa. Kipimo hiki cha nguvu, kinachohusishwa na Lionel Penrose mwaka 1946 na John Banzhaf mwaka 1965, hakijui kwamba watu wa maoni yanayofanana hukaa karibu. Ukiingiza maoni halisi, asilimia zitasogea.

SWALI: Kwa nini nchi moja ina vyama viwili vikubwa na nyingine ina kumi? (Msomaji wa siku nyingi)

Tabia za watu zina mchango wake, lakini kanuni ya kugawa viti ndiyo tunayoiangalia kwanza. Maurice Duverger aliliandika mwaka 1951: jimbo la kiti kimoja, anayeongoza anachukua, husukuma kuelekea vyama viwili. Anayekuja wa tatu hapati kitu, basi wafuasi wake huhama. Isipokuwa wa tatu awe amejazana mahali pamoja. Uingereza, mwaka 2015, chama cha UKIP kilipata asilimia 12.6 ya kura kikaambulia kiti 1 kati ya 650. SNP kilipata asilimia 4.7 na viti 56, kwa sababu kura zake zote zilikuwa Scotland.

Hata kwenye mfumo wa uwiano, ambapo viti hugawiwa kulingana na kura za kila chama, kigawanyo kina neno lake. Viti ni 4. Chama X kina kura 53,000, Y kina 31,000, Z kina 16,000. Kwa kanuni ya D'Hondt unagawa kura za kila chama kwa 1, 2, 3 na kuendelea, kisha unachukua matokeo manne makubwa: 53,000, 31,000, 26,500 na 17,667. X inapata 3, Y 1, Z hakuna. Kwa kanuni ya Sainte-Laguë unagawa kwa 1, 3, 5. Manne makubwa ni 53,000, 31,000, 17,667 na 16,000. X inapata 2, Y 1, Z 1.

Sasa Y na Z ziungane, ziwe na 47,000. Kwa D'Hondt zinapata viti 2 badala ya 1. Kwa Sainte-Laguë zinapata 2, vilevile kama zilipokuwa mbalimbali. Kanuni moja inazilipa zikiungana, nyingine haizilipi chochote. Kosa la kawaida hapa ni kugawa kwa idadi ya viti vyote, au kusahau kwamba kila kiti kinatoka kwenye orodha moja ya pamoja na si kwenye orodha ya kila chama. Andika namba zote kwenye jedwali moja, zungushia kubwa, hesabu.

SWALI: Chama chetu kina kiti kimoja tu. Wenzetu wanatucheka. Tuna nguvu yoyote? (Mwanachama)

Usihesabu viti vyako, hesabu ni mara ngapi kiti chako hugeuza matokeo. Kwenye bunge la 49, 48 na 3, wingi ukiwa 51, yule mwenye 3 ana nguvu sawasawa na mwenye 49: wawili wowote wakiungana wanashinda. Hilo linaweza kukufariji.

Lakini kinyume chake pia kipo. Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ilipoanza mwaka 1958, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Italia zilipewa kura 4 kila moja kwenye Baraza la Mawaziri, Ubelgiji na Uholanzi 2 kila moja, Luxembourg 1. Jumla 17, na kwa maamuzi ya kura hizo zilihitajika 12. Kura ya Luxembourg ingeamua pale tu nyingine zinapofika 11 kamili. Jumlisha 4 na 2 utakavyo, hutapata 11, maana zote ni namba shufwa. Kwa hiyo kura ile haikuweza kugeuza uamuzi hata mmoja. Mwaka 1973, baada ya Uingereza, Denmark na Ireland kuingia, Luxembourg ilipewa kura 2 kati ya 58, zikihitajika 41. Sehemu yake ilishuka kutoka asilimia 5.9 hadi 3.4. Lakini sasa nchi nne kubwa zenye kura 10 kila moja zilifika 40, zikapungukiwa na moja, na Luxembourg ingeweza kuimalizia.